Skrubu 47 zisizoandikwa na gharama ya daftari

MALI bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa pwani na bara wameirithi methali hiyo, na kila anayekopesha mbolea au sukari anaujua uzito wake. Ni wachache, hata hivyo, wanaofikiri kwamba methali hiyo hiyo inaihusu ndege inayobeba maua, minofu ya sangara na maharage machanga kwenda kwenye masoko ya Ulaya. Katika karakana ya ndege, kazi isiyoandikwa huweza kupoteza mali, na huweza kupoteza watu.

Ajali ya ndege inapotokea, macho ya wengi huelekezwa kwa rubani na kwa hali ya hewa. Fundi aliyeishika ndege hiyo usiku uliotangulia hukumbukwa baadaye, na karatasi aliyotakiwa kuijaza hukumbukwa mwisho kabisa. Lakini historia ya usafiri wa anga ina mlolongo wa ajali ambazo chanzo chake ni kazi iliyoachwa nusu, au iliyofanywa kinyume cha kitabu cha mtengenezaji, huku maandishi yakiwa kimya au yakisema uongo.

Ajali hizo zinafundisha jambo moja ambalo ni la kiuchumi kama lilivyo la kiufundi: kuandika ni sehemu ya kazi yenyewe, na kunapaswa kupewa muda na malipo kama sehemu nyingine yoyote ya kazi. Kampuni inayoona uandishi kuwa jambo la kufanywa muda ukibaki, inakopa. Na mara nyingi deni hilo hulipwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kukopa.

Usiku mmoja mjini Houston

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Septemba 1991 nchini Marekani. Ndege ndogo ya abiria aina ya Embraer 120, mali ya kampuni ya Continental Express, iliingizwa karakanani mjini Houston, jimbo la Texas, ili kubadilishiwa mipira ya kuzuia barafu inayofunika ukingo wa mbele wa mbawa ndogo za mkiani. Ilikuwa kazi ya kawaida, iliyopangwa mapema.

Zamu ya jioni ilianza kwa kufungua upande wa kulia. Mkaguzi wa zamu hiyo, akitaka kuwasaidia mafundi, alihamia upande wa kushoto na kufungua skrubu 47 zinazoshikilia sehemu ya juu ya ukingo huo. Kisha zamu ikaisha. Mafundi wa zamu ya usiku walimalizia upande wa kulia, wakaurudishia kila kilichotolewa, na asubuhi ndege ikaruhusiwa kuruka. Upande wa kushoto ulibaki bila skrubu hata moja kwa juu.

Hakuna kadi ya kazi iliyoonyesha kwamba upande wa kushoto umeguswa. Mkaguzi wa jioni aliandika kwenye fomu ya makabidhiano kwamba amesaidia kuondoa mipira, lakini mkaguzi aliyempokea alikuwa ameshaisoma fomu hiyo kabla maneno hayo hayajaandikwa. Makabidhiano ya mdomo nayo hayakumfikia fundi aliyeimalizia kazi. Mkia wa ndege hiyo uko juu sana, kiasi kwamba rubani anayeizunguka ndege akiwa chini hawezi kuona upande wa juu wa mbawa hizo.

Ndege iliruka salama asubuhi hiyo kwenda Laredo. Ilipokuwa ikirudi Houston, Septemba 11, 1991, ukingo ule ulichomoka ikiwa angani, ndege ikainamisha pua ghafla na kuvunjika karibu na mji mdogo wa Eagle Lake. Watu wote 14 waliokuwamo walikufa.

Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilichunguza na kusema chanzo ni mafundi na wakaguzi kutofuata taratibu za matengenezo na za uhakiki wa ubora. Bodi ilitaja pia udhaifu wa menejimenti na wa wasimamizi wa serikali kuwa ni mambo yaliyochangia. Mjumbe mmoja wa bodi hiyo, John Lauber, alikataa kuishia hapo. Kwa maoni yake, uongozi wa kampuni ulistahili kutajwa katika chanzo chenyewe, kwa sababu haukujenga mazoea ya kazi yanayowafanya watu wafuate taratibu na yanayowabana wasipozifuata.

Hoja ya Lauber ndiyo yenye thamani zaidi kwa mtu yeyote anayeendesha biashara. Kama mtu mmoja angekosea usiku ule, ingewezekana kusema ni bahati mbaya. Lakini walikuwa mafundi, wakaguzi na wasimamizi wa zamu mbili, na wote waliona ni jambo la kawaida kazi kuanza bila kadi na kukabidhiwa kwa maneno. Uzembe unaofanywa na wengi kwa pamoja, kila usiku, bila kukemewa, huo umeshakuwa utaratibu wa kampuni.

Bolti zilizofanana kwa macho

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 10, 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC 1-11 ilikuwa ikitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania. Ilipofika futi 17,300 kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka. Kapteni alivutwa nje hadi kiunoni na upepo, na wahudumu walimshikilia kwa zaidi ya dakika 20 mpaka rubani msaidizi alipoishusha ndege Southampton. Kapteni alipona, na abiria wote walishuka wakiwa hai.

Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa takriban saa 27 kabla. Aliyekibadilisha alikuwa msimamizi wa zamu mwenyewe, mtu mwenye uzoefu, aliyefanya kazi hiyo alfajiri kwa sababu watu walikuwa pungufu. Badala ya kutafuta namba ya bolti katika kitabu cha vipuri, alichukua bolti ya zamani na kutafuta zinazofanana nayo kwa macho, katika stoo yenye mwanga hafifu. Kati ya bolti 90 zilizofungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Mtunza stoo alikuwa amemtajia aina sahihi, lakini jicho likaaminiwa kuliko kitabu.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo halisemwi mara nyingi. Zile bolti za zamani, ambazo fundi alizitumia kama kipimo, nazo hazikuwa sahihi. Zilikuwa fupi kuliko zilizoandikwa kitabuni, ila zilishika. Maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine, wakati mwingine, aliyewahi kufunga kisichotakiwa, na hakikuonekana kwa sababu hakikuleta madhara siku hiyo. Kosa la zamani lisiloandikwa likageuka kuwa kipimo cha kazi mpya. Ndivyo uzembe unavyorithiwa katika karakana, kama unavyorithiwa shambani pale mkulima anapopima dawa kwa kifuniko cha chupa kwa sababu aliyemtangulia alipima hivyo.

Saini bila kazi

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuongeza fomu. Ajali ya Januari 8, 2003 katika mji wa Charlotte, North Carolina, inaonyesha kwamba fomu peke yake haitoshi. Ndege ya kampuni ya Air Midwest aina ya Beechcraft 1900D ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na kuua watu wote 21 waliokuwamo. Ndege ilikuwa na uzito mwingi upande wa nyuma, na nyaya zinazoongoza usukani wa kupandisha na kushusha pua zilikuwa zimerekebishwa vibaya usiku mmoja wa siku chache kabla. Rubani aliposukuma usukani kushusha pua, usukani haukufika pale ulipotakiwa kufika.

Fundi aliyerekebisha nyaya hizo alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwenye ndege ya aina hiyo, chini ya mkufunzi. Wawili hao walikubaliana kuruka baadhi ya hatua za kitabu kwa kuona hazina ulazima. Moja ya hatua zilizorukwa ndiyo ambayo ingewaonyesha kwamba usukani haufiki mwisho. Na mkufunzi aliyekubali hatua zirukwe ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuikagua kazi kama mkaguzi. Kwenye karatasi kazi ilionekana imefanywa na mmoja na kukaguliwa na mwingine. Kwa hakika ilikuwa imetazamwa na jicho moja tu, nalo ni la mtu aliyeshiriki kukosea.

Kwa hiyo kuandika kunakotakiwa si kule kwa kuujaza ukurasa. Maandishi yana thamani pale yanapofanywa wakati kazi inafanyika, na mtu aliyeifanya, kisha yakahakikiwa na mtu ambaye hakuifanya. Yakikosa mojawapo ya hayo, karatasi hubaki kuwa pambo la kumridhisha mkaguzi wa serikali.

Wasafirishaji wa mboga na matunda wanaifahamu vizuri hali hii. Tangu wanunuzi wa Ulaya walipoanzisha masharti ya EurepGAP mwaka 1997, ambayo tangu 2007 yanaitwa GlobalGAP, shamba linatakiwa kuonyesha ni dawa gani ilipuliziwa, lini, kwa kipimo gani na siku ngapi kabla ya kuvuna. Daftari linalojazwa kila jioni humsaidia mkulima kujua kosa liko wapi masalia ya dawa yanapoonekana kwenye maharage. Daftari linalojazwa lote kwa kalamu moja, usiku wa kuamkia ukaguzi, halimsaidii yeyote. Tofauti ni kwamba shehena ya maharage hurudishwa au huteketezwa, na ndege hairudishwi.

Bolti nne na dola milioni 160

Isidhaniwe kwamba haya ni ya zamani na kwamba kompyuta zimeyamaliza. Januari 5, 2024, ndege mpya kabisa aina ya Boeing 737-9 ya shirika la Alaska Airlines iliruka kutoka Portland, Oregon, ikiwa na watu 177. Dakika chache baadaye, ikiwa inakaribia futi 16,000, bamba linaloziba nafasi ya mlango wa dharura usiotumika lilichomoka na kuacha tundu ubavuni. Kwa bahati njema viti viwili vya karibu na bamba hilo vilikuwa vitupu, na hakuna aliyekufa.

Wachunguzi waligundua kwamba bolti nne zinazolizuia bamba hilo hazikuwapo. Septemba 2023, katika kiwanda cha Boeing cha Renton, bamba lilifunguliwa ili riveti zilizokuwa na kasoro karibu nalo zirekebishwe. Lilipofungwa tena, bolti hazikurudishwa. NTSB ilipodai kumbukumbu za kazi hiyo, kampuni ilisema haizipati na kwamba inaamini hazikuwahi kuandikwa. Kwa kuwa haikuandikwa kwamba bolti zimetolewa, hakukuwa na kitu cha kumwambia mkaguzi kwamba aende kuangalia kama zimerudishwa. Ndege ikakabidhiwa kwa mteja mwezi Oktoba.

Juni 2025, NTSB ilitamka kwamba chanzo cha tukio hilo ni kushindwa kwa Boeing kuwapa wafanyakazi mafunzo, maelekezo na usimamizi wa kutosha ili wafuate utaratibu wa kuandika kila kinachotolewa kwenye ndege. Haikumtupia mzigo fundi mmoja. Miaka 34 baada ya Eagle Lake, maneno ya John Lauber yalikuwa yameingia katikati ya hukumu.

Gharama yake nayo inajulikana kwa sehemu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilisimamisha ndege 171 za aina hiyo zikaguliwe, na ikaizuia Boeing kuongeza kasi ya uzalishaji. Alaska Airlines ililipwa na Boeing takriban dola milioni 160 kama fidia ya awali ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2024 pekee. Hayo yote yalitokana na bolti nne na ukurasa mmoja ambao haukufunguliwa.

Kwa nini watu hawaandiki

Swali la msingi ni kwa nini watu waliosoma, wenye leseni, wanaojua hatari iliyopo, huacha kuandika. Mwaka 1993, Gordon Dupont, aliyekuwa katika idara ya usafiri ya Kanada, aliorodhesha mambo 12 yanayowafanya mafundi wa ndege wakosee. Miongoni mwake ni uchovu, shinikizo la muda, upungufu wa vifaa, kukosa mawasiliano, kujiamini kupita kiasi, na mazoea ya mahali pa kazi. Orodha hiyo imebandikwa kwenye karakana nyingi duniani. Lakini kubandika bango hakubadilishi hesabu anazopiga fundi saa tisa za usiku.

Hesabu zenyewe ni hizi. Gharama ya kuandika huangukia kwa fundi, sasa hivi, wakati amechoka na zamu inaisha. Faida yake huenda kwa mtu mwingine, baadaye, na mara nyingi haionekani kabisa, kwa kuwa ajali iliyozuiwa haitangazwi. Ndege iliyosimama chini haiingizi kitu, na kila saa inayokaa karakanani mkuu wa shughuli anapiga simu. Fundi anayeitoa ndege mapema husifiwa. Anayechelewa nusu saa kwa sababu anaandika vizuri huulizwa kwa nini amechelewa. Katika mazingira hayo, anayeacha kuandika anaitikia vizuri sana kile ambacho kampuni inakilipia.

Liko na jambo la pili, nalo ni hofu. Maandishi huacha ushahidi. Katika kampuni ambako kila kosa linaloandikwa huzaa barua ya onyo, fundi mwerevu atajifunza kutoandika. Uongozi utaona kumbukumbu safi na kudhani karakana ni salama, ilhali usafi huo umenunuliwa kwa ukimya.

Usafiri wa anga uligundua hatari hiyo mapema kuliko sekta nyingi. Tangu 1976, Marekani ina mpango wa kupokea taarifa za makosa kwa siri, unaoendeshwa na shirika la anga za juu, NASA, ambalo halina mamlaka ya kuadhibu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago nacho kinasema kwamba uchunguzi wa ajali unafanywa ili ajali nyingine isitokee, na kwamba kazi yake si kugawa lawama. Hii haina maana kwamba anayeghushi saini aachwe. Maana yake ni kwamba anayekuja na kusema "nilisahau skrubu" apokewe kama mtu aliyeiokoa kampuni, na anayeficha ndiye aadhibiwe.

Bei inayolipwa hapa kwetu

Afrika Mashariki inaguswa moja kwa moja. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Sababu zilizotajwa ni pamoja na upungufu wa wataalamu wenye sifa katika mamlaka ya usimamizi, na usimamizi usiofaa wa uendeshaji wa ndege na wa ubora wake wa kuruka. Uamuzi wa namna hiyo hupimwa kwa karatasi: nani alikagua nini, lini, ana sifa gani, na alichokikuta kilifuatiliwaje. Nchi inaweza kuwa na ndege mpya na marubani hodari, lakini kama haiwezi kuonyesha kwa maandishi kwamba inazisimamia, mbele ya mkaguzi wa nje usimamizi huo haupo.

Kwa mkulima wa maua wa Arusha, jambo hilo si la wakubwa tu. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya maua na mboga za mikoa ya kaskazini imekuwa ikipakiwa kwenye malori hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ndipo ipande ndege. Tanzania ilipopokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767-300F Juni 2023, matumaini yalikuwa kwamba mazao yangeanza kuondoka nyumbani kwa ndege ya nyumbani. Ndege hiyo haiwezi kuwa na maana kamili kwa mzalishaji wa mazao yanayoharibika haraka endapo soko kubwa la mazao hayo limefungwa kwake. Anayepoteza hapo ni pamoja na kibarua wa kukata maua ambaye hajawahi kuingia karakana ya ndege.

Ziko pia ndege ndogo ambazo haziko kwenye vichwa vya habari. Ni zile zinazonyunyizia dawa dhidi ya nzige, kama zilivyofanya nchini Kenya mwaka 2020, na dhidi ya kwelea kwelea katika mashamba ya mpunga, mtama na ngano. Huruka chini sana, hutua kwenye viwanja vya vumbi, na dawa zinazobeba hula chuma. Mara nyingi huwa mbali na karakana kubwa, zikihudumiwa na mafundi wachache. Hapo ndipo kishawishi cha kusema "tutaandika tukirudi mjini" kinapokuwa kikubwa, na hapo ndipo kinapokuwa cha hatari zaidi, kwa sababu rubani anayeruka usawa wa miti hana nafasi ya kurekebisha.

Nini kifanyike

Jambo la kwanza ni kulipia muda wa kuandika. Chukulia karakana yenye mafundi 10 kwa zamu. Kama zamu mbili zitapishana kwa nusu saa ili mafundi wakabidhiane kazi mbele ya ndege yenyewe, wakiwa na fomu mkononi, gharama ya upande unaobaki ni saa tano za kazi kwa kila makabidhiano. Kiasi hicho kinaweza kuingizwa kwenye bajeti na kujulikana. Kampuni inayoona ni kikubwa ikumbuke kwamba Houston hakukosekana ujuzi wala vifaa. Kilichokosekana ni watu wa zamu mbili kusimama pamoja chini ya mkia ule na kuonyeshana kilichofunguliwa.

La pili ni kuandika kabla ya kufungua. Fundi afungue kadi ya kazi kwanza, ndipo afungue skrubu. Kadi iliyo wazi ni deni linaloonekana: kila anayeipita anajua kuna kitu hakijarudishwa. Na atakayetaka kumsaidia mwenzake, hata awe mkaguzi, asiguse sehemu ambayo haina kadi. Msaada usioandikwa ndio ulioanzisha maafa ya Eagle Lake, na ulitolewa kwa nia njema kabisa.

La tatu ni kumtenganisha mkaguzi na kazi anayoikagua. Katika kampuni ndogo hili ni gumu, kwa sababu watu ni wachache. Lakini kampuni ndogo zinaweza kuingia mkataba wa kukaguliana kazi zile zinazohusu usukani, injini na mkia, kama vile vyama vya msingi vya wakulima vinavyoshirikiana mkaguzi mmoja wa hesabu.

La nne ni kupunguza fomu zisizo na maana. Karatasi ikizidi, fundi husaini bila kusoma. Mamlaka zinazoongeza fomu kila baada ya tukio zijiulize ni fomu zipi zinaweza kufutwa, ili zinazobaki zipewe uzito wake. Kompyuta zitasaidia kutafuta kumbukumbu haraka, lakini kompyuta nayo haiandiki kile ambacho mtu hakuingiza. Renton kulikuwa na kompyuta.

La tano linazihusu serikali. Mkaguzi wa usalama wa anga ni mtaalamu ambaye kampuni za ndege zinamtaka pia, na zinaweza kumlipa zaidi. Mamlaka isiyomlipa vya kutosha itabaki na viti vitupu au na wakaguzi wanaosubiri kuondoka. Kuokoa mishahara ya wataalamu wachache, kisha taifa zima kuzuiwa kuingia katika soko la Ulaya, ni hesabu ambayo hata mwenye duka la rejareja asingeikubali.

Mwisho, wasafirishaji wa mazao wenyewe wana nguvu ambayo hawaitumii. Wanapojadiliana na kampuni ya mizigo huuliza bei ya kilo, siku za safari na nafasi ya chumba cha baridi. Wanaweza pia kuuliza nani anazifanyia matengenezo ndege hizo, mara ya mwisho zilikaguliwa lini na mamlaka gani, na kama fundi akiripoti kosa lake hufanywaje. Wanunuzi wa Ulaya waliwabana wakulima mpaka wakajifunza kuandika kila kipimo cha dawa. Mkulima aliyebanwa hivyo ana kila haki ya kumbana anayembebea mzigo, na akiona daftari lake limejazwa lote kwa kalamu moja, atafute ndege nyingine.